Malalamiko: Wabunge wetu wanauliza maswali ya afya yasiyomlazimisha Waziri kujibu

Ndugu wanajukwaa,

Naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Ibara ya 63 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania imelipa Bunge jukumu la kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Ukisoma ibara ndogo ya tatu, inayoorodhesha namna ya kutekeleza jukumu hilo, utakuta jambo la kwanza kabisa ni haki ya kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Haki hiyo imetajwa kabla ya mjadala wa bajeti, kabla ya kutunga sheria na kabla ya kuridhia mikataba. Walioiandika walijua uzito wake. Wanaoitumia leo hapa Dodoma wanaitupa bure.

Fuatilieni kipindi cha maswali asubuhi yoyote ile, kuanzia saa tatu. Mbunge anasimama na kuuliza: je, ni lini Serikali itamalizia boma, yaani jengo lililoanzwa na halijakamilika, la zahanati ya kijiji fulani? Naibu Waziri anasimama, anaomba kujibu kwa niaba ya Waziri wake kama ifuatavyo, kisha anasoma kwamba Serikali inatambua umuhimu wa kusogeza huduma za afya karibu na wananchi, kwamba maboma kadhaa nchini yameshatengewa fedha, na kwamba Serikali itaendelea kukamilisha yaliyobaki kwa awamu kadri ya upatikanaji wa fedha. Mbunge anashukuru kwa majibu mazuri. Ana haki ya maswali mawili ya nyongeza, nayo ndiyo silaha yake halisi, kwa sababu swali la msingi liliwasilishwa mapema na watumishi wa Wizara walipata muda wa kuliandalia jibu la karatasi, lakini swali la nyongeza Waziri analijibu akiwa amesimama. Anayatumiaje? La kwanza analihamishia kwenye kijiji kingine ambacho nacho kina boma. La pili anauliza kama Mheshimiwa Naibu Waziri yuko tayari kuongozana naye kwenda jimboni baada ya Bunge kuahirishwa. Naibu Waziri anasema yuko tayari, wote wawili wanakaa, na swali limekwisha.

Naomba mtu anieleze, kwa kumheshimu kila aliyemo humu, mwananchi amepata nini hapo. Tarehe hakupata. Kiasi cha fedha hakupata, wala jina la ofisi inayokwamisha kazi. Safari ya Naibu Waziri haimalizii jengo, wala haina nguvu yoyote ya kibajeti, na mara nyingi inaishia kwenye mkutano wa hadhara ambako ahadi ileile inarudiwa kwa kipaza sauti.

Nasema haya kwa sababu ninaishi katika wilaya mojawapo ya mkoa huu wa Dodoma, na kijiji chetu ni miongoni mwa vijiji hivyo vinavyotajwa bungeni kisha vikasahaulika. Wananchi tulichangishana fedha kaya kwa kaya, vijana wakafyatua tofali, akina mama wakasomba mchanga na maji kutoka korongoni. Boma likafika kwenye lenta, hatua ambayo tuliambiwa Serikali ingelipokea na kupaua. Halikupauliwa. Mvua za msimu zimekula udongo wa kuta za nyuma, mbuzi wanaingia kulala humo jua linapozama, na katikati ya chumba tulichokipanga kiwe cha kujifungulia umeota mgunga ambao sasa unamzidi mtu kimo. Zahanati tunayoitegemea iko ng'ambo ya korongo, na kati ya Desemba na Aprili korongo hilo likijaa hakuna bodaboda inayovuka, awe mama ana uchungu au mtoto ana degedege.

Hata ukivuka, bado. Mzee mwenye miaka 60 au zaidi asiye na uwezo anastahili matibabu bila malipo kwa mujibu wa sera ya nchi hii, lakini dirishani anapewa kipande cha karatasi chenye jina la dawa ya presha akanunue kwenye duka la dawa muhimu. Mjamzito naye anastahili huduma bila malipo, lakini anaelekezwa aje na glovu zake, wembe, pamba, uzi wa kufungia kitovu na mpira wa kutandika. Sina ugomvi na muuguzi anayetoa maelekezo hayo. Yuko peke yake na anatoa kilichopo. Ugomvi wangu ni na walio juu yake.

Mbunge anayetaka kweli kujua kwa nini dirisha lile halina dawa asiulize kama Serikali ina mpango gani wa kuboresha upatikanaji wa dawa. Swali la namna hiyo halijawahi kukosa jibu zuri, maana mpango haukosekani. Aulize hivi: katika mwaka wa fedha uliopita, zahanati hii iliagiza dawa zipi kutoka Bohari ya Dawa ya Serikali, kwa kiasi gani, zipi zilifika, zilifika tarehe gani, na zilizokosekana zilinunuliwa kwa mshitiri au hazikununuliwa kabisa? Nchi hii ina utaratibu wa mshitiri unaojulikana kama Jazia, ambao unakiruhusu kituo kununua kwa muuzaji aliyeteuliwa pale Bohari inapokosa dawa, na utaratibu huo ulianzia hapahapa mkoani Dodoma mwaka 2014 kabla ya kusambazwa nchi nzima. Ni aibu kwamba wabunge wa mkoa uliokuwa wa kwanza kuujaribu hawasikiki wakidai takwimu zake kituo kwa kituo. Taarifa hizo zipo. Kila kituo kina vitabu vya maagizo na mapokezi, na halmashauri ina mfamasia. Waziri akiulizwa hivyo hawezi kujibu kwamba Serikali inatambua umuhimu. Atalazimika kusoma tarakimu, na tarakimu hizo sisi huku kijijini tutazilinganisha na hali ya dirishani.

Vivyo hivyo kwa watumishi. Tuambiwe ikama ya zahanati hii inataka watumishi wangapi, wapo wangapi, na pengo hilo limeombewa kibali cha ajira lini. Na kwa boma: fedha zimetengwa katika bajeti ya mwaka gani, zimetolewa kiasi gani, na ziliingia kwenye akaunti lini? Nasisitiza hapo pa mwisho, kwa maana tumesikia mara nyingi kwamba boma la zahanati limetengewa shilingi milioni 50, na watu wakapiga makofi, kumbe fedha iliyotengwa inaweza kumaliza mwaka mzima wa fedha bila kutolewa, na tarehe 1 Julai hesabu ikaanza upya.

Lipo pia suala la nani anaulizwa. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za halmashauri zinasimamiwa na Ofisi ya Rais, TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Sera, hospitali za rufaa za mikoa na Bohari ya Dawa ziko Wizara ya Afya. Mkoba mkuu uko Wizara ya Fedha. Swali likiulizwa ovyo linapata mlango wa kutokea, huyu anasema dawa si zake na yule anasema majengo si yake. Mbunge makini angegawanya swali lake, aulize kila mmoja kipande chake kwa siku tofauti, kisha ayaweke majibu pamoja na kuonyesha yanapopingana. Maji nayo ni hivyohivyo, kwa kuwa kisima cha zahanati kinaihusu RUWASA, wakala wa maji vijijini, na barabara ya kufika huko inaihusu TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na kila chombo kina Waziri wake wa kusimama na kujibu.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba hakuna anayerudi nyuma. Majibu yote yanaandikwa katika Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, na yeyote anaweza kuyasoma. Waziri akisema kazi itakamilika mwaka wa fedha unaofuata, mwaka huo ukifika mbunge anauliza swali lilelile kana kwamba halijawahi kuulizwa, naye Waziri anajibu vilevile. Kwa nini mbunge asisimame na karatasi mkononi, asome tarehe ya ahadi na maneno ya ahadi, kisha aulize kilichovunja ahadi hiyo? Kufanya hivyo hakuhitaji fedha, chama wala kibali cha mtu yeyote.

Kisha unafika Mkutano wa Bajeti, Aprili hadi mwisho wa Juni, wakati ambapo mbunge ana uwezo mkubwa kuliko siku nyingine zote za mwaka. Katika Kamati ya Matumizi anaweza kushika shilingi ya mshahara wa Waziri, yaani kuzuia usipitishwe, mpaka apate maelezo ya kuridhisha. Tunawaona wakiishika kwa sauti kali. Waziri anatoa maneno yaleyale ya asubuhi, mbunge anairudisha shilingi, na fungu linapita. Wakati huohuo taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali imeshawasilishwa bungeni mwezi Aprili, lakini kwa miaka ya karibuni mjadala wake wa kina umekuwa ukifanyika miezi kadhaa baada ya bajeti kupitishwa. Maana yake wizara zinapewa fedha mpya kabla Bunge halijamaliza kuhoji za zamani. Hili si kosa la mbunge mmoja, ni utaratibu wa Bunge zima, na Bunge lina uwezo wa kuubadili kwa sababu Kanuni zake linazitunga lenyewe.

Najua nitajibiwa kwamba muda ni mdogo na wabunge ni wengi. Muda huohuo mdogo ndio unaotumika kupongeza. Ondoeni pongezi za mwanzo na shukrani za majibu mazuri, mtapata nafasi ya kuuliza tarehe.

Tena Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ipo, na mwananchi anatakiwa achangie. Kwa CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, kaya ya watu sita ilikuwa ikichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, fedha ambazo kwa mkulima wa mtama na uwele si ndogo. Mtu akishalipa na akarudi nyumbani na kipande cha karatasi badala ya dawa, hatakata tena kadi hiyo, na hakuna hamasa ya mkuu yeyote itakayombadili. Wabunge waliopitisha sheria hiyo wanawajibika kuuliza, kituo kwa kituo, kama kuna kitu cha kumpa aliyelipa.

Kwa hiyo naomba wanajukwaa wa Bahi, Chamwino, Chemba, Kondoa, Kongwa, Mpwapwa na Jiji, na wa kwingineko pia, tufanye kazi ambayo wawakilishi wetu hawaifanyi. Tafuteni katika Taarifa Rasmi swali la afya lililoulizwa kuhusu kata yenu, liwekeni hapa pamoja na jibu la Waziri na tarehe yake, kisha elezeni hali ilivyo leo katika kituo hicho. Mimi nitaanza na la boma letu kesho jioni, na nakala yake nitaipeleka kwa mkono ofisi ya mbunge wetu kabla ya mkutano ujao, nikiwa na swali moja lililokwisha kuandikwa ambalo ninamtaka aliulize kama lilivyo, bila kuongeza ombi la kuongozana na mtu yeyote.