Mjadala: Redio za zimamoto na ambulensi zinanunuliwa kwa pesa zetu. Kwa nini bei iwe siri?

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili bila kutukanana.

Katiba ya Kenya ya 2010, Jedwali la Nne, iliipa kaunti kazi ya kuzima moto, kukabili majanga na kuendesha ambulensi. Polisi wakabaki kwa serikali kuu. Kwa hiyo nyumba inapoungua Nairobi, watu wanaokuja kukuokoa wana wakubwa wawili, bajeti mbili, na mara nyingi redio ambazo haziongei pamoja. Kaunti ikiamua kununua vyombo vya mawasiliano vya kituo chake cha dharura, hilo si jambo dogo la ofisini. Ni uamuzi wa nani atamsikia nani usiku wa balaa.

Lakini ukiuliza bei, unaambiwa "hayo ni mambo ya usalama". Mimi msimamo wangu ni huu: bunge la kaunti lisipitishe hata shilingi moja ya mfumo wa mawasiliano mpaka mkataba mzima uwe mezani, wananchi wausome. Siri ya usalama ni masafa ya redio na funguo za kufungia mazungumzo yasisikilizwe na wengine. Bei si siri ya usalama. Jina la muuzaji si siri. Gharama ya matengenezo kwa miaka kumi ijayo si siri.

Tumeshaumwa na nyoka huyu. Kashfa ya Anglo Leasing ilikuwa mikataba 18 ya serikali, yote ikiitwa ya usalama, na kwa sababu hiyo hiyo haikuguswa mpaka ilipofichuka 2004. Miaka kumi baadaye, 2014, Hazina ilizilipa kampuni zinazohusishwa na mikataba hiyo takriban shilingi bilioni 1.4 baada ya kushindwa kesi ughaibuni. Tulilipa, na vituo vyetu vikabaki vile vile.

Mwaka huo huo serikali kuu ilimpa Safaricom kazi ya kujenga mtandao wa mawasiliano na kamera za polisi kwa Nairobi na Mombasa, karibu shilingi bilioni 15, bila ushindani wa zabuni. Kamati ya Bunge iliusimamisha kwanza mradi ikitaka majibu. Mtandao ulihitajika, hilo sibishi. Septemba 2013 magaidi walipovamia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, watu wasiopungua 67 waliuawa, na ndani ya jengo polisi wa Recce, kikosi maalumu, na wanajeshi hawakuwa na mawasiliano ya pamoja. Kamanda wa Recce akafa kwa risasi za upande wetu wenyewe. Baada ya msiba kama ule kila mtu anataka vifaa jana. Ndiyo maana maswali yaulizwe sasa, kabla ya msiba, tukiwa na akili timamu.

Na msiseme ni ugonjwa wa Afrika. Idara ya zimamoto ya New York ilinunua redio mpya za dijitali bila zabuni ya ushindani. Machi 2001 zikatolewa kazini ndani ya siku chache, baada ya mzima moto aliyekwama kwenye chumba cha chini kuomba msaada na wenzake wa karibu wasimsikie. Redio zikarudi stoo, mabishano yakaanza, na Septemba 11 mwaka huo, magaidi waliposhambulia minara miwili ya World Trade Center, askari wa zimamoto wakaipanda na redio zao za zamani. Walikufa 343. Kamisheni ya uchunguzi ilieleza kwamba marubani wa helikopta za polisi waliona hali ya mnara wa kaskazini ikizidi kuwa mbaya na wakaonya, lakini onyo halikuwafikia makamanda wa zimamoto, kwa kuwa kila idara ilikuwa na mawasiliano yake. Wengine hawakuisikia amri ya kutoka. Jiji tajiri kuliko mengi duniani.

Karibuni. Anayepinga apinge kwa hoja.

Mchangiaji, Nakuru

Mwenye mada, nakuheshimu lakini hapa unarahisisha. Mkataba wa mfumo kama huu una michoro ya minara, idadi ya redio, vituo vya akiba. Mtu mbaya hahitaji masafa. Akijua mnara wa pekee unaobeba mawasiliano ya kaunti uko kilima gani, anakata waya tu. Mimi nimefanya kazi ya ulinzi, nimeona watu wanavyosoma jengo kabla ya kuvamia. Wawakilishi wadi waone mkataba faraghani, wauhoji, wapige kura. Tuliwachagua kwa kazi gani basi?

Tena angalia shambulio la hoteli ya DusitD2, Nairobi, Januari 2019. Ilikuwa uchungu, watu 21 waliuawa, lakini safari ile vikosi vilifanya kazi kwa mpangilio kuliko Westgate. Mifumo iliyojengwa bila kelele nyingi pia husaidia.

Mchangiaji, Mombasa

Niliwahi kukaa kwenye meza ya kupokea simu za dharura, kaunti sitaitaja. Niwaambie ilivyokuwa. Mezani kuna redio kubwa moja ya zimamoto. Ambulensi wana chaneli nyingine. Polisi wananipigia kwenye simu yangu mwenyewe. Likitokea jambo, naandika kwenye daftari alichosema polisi, nainua kipaza sauti nawaambia zimamoto, halafu nageuka nawaambia ambulensi. Ujumbe mmoja unasemwa mara tatu, na kila mara unapungua kidogo. Usiku mmoja lori la gesi liliungua, watu wakajaa na simu zao kupiga picha, mtandao ukazidiwa. Polisi akawa hapatikani. Nilimtuma kijana wa bodaboda apeleke maneno.

Tulikuwa na redio nzuri, mpya. Betri ndizo ziliisha. Baada ya miaka miwili hazikai na chaji hata kwa muda wa saa tatu, nyingine tumezifunga kwa raba ya ndani ya baiskeli zisidondoke. Tukiomba nyingine tunaambiwa lazima zitoke kwa muuzaji yule yule. Kubadilisha chaneli moja tu ilibidi yeye aje na kompyuta yake, kwa malipo. Hayo yote yalikuwa kwenye mkataba. Sisi tunaotumia hatukuwahi kuuona.

Mchangiaji, Kitengela

Mimi naona mnabishana juu ya antena wakati gari la zimamoto linafika bila maji. Soko la Gikomba, Nairobi, limeungua mara ngapi? Nunueni magari, fungueni barabara, rudisheni mabomba ya maji ya mitaani. Redio baadaye.

Mwenye mada

Kaka wa Kitengela, gari lenye maji lisiloambiwa barabara gani imezibwa linafika kuzima majivu. Vyote vinahitajika, lakini nakubali kwamba kaunti isiyo na magari haina sababu ya kununua mfumo wa dijitali wa kifahari. Redio za kawaida za VHF (zisizo za dijitali), ripita moja kilimani ya kupokea sauti na kuirusha mbali zaidi, na betri za kutosha zinaweza kuhudumia mji mdogo vizuri kabisa. Hilo nalo hatuwezi kulipima kama bei imefichwa.

Mzee wa Nakuru, hoja yako ya minara ina uzito. Michoro ifunikwe, na idadi ya redio za kila kituo pia ifunikwe. Lakini Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wazi, wa ushindani na usio ghali bure, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaruhusu kufunika sehemu ya waraka na kutoa iliyobaki. Kufunika kurasa tatu si sawa na kufunika mia tatu. Na ukiniambia wawakilishi wahoji faraghani, nakuuliza: yule dada wa meza ya simu angeingia vipi kwenye kikao hicho aseme habari ya betri? Yeye ndiye alijua. Yeye na wazima moto wapewe vifaa vya majaribio, waingie navyo kwenye vyumba vya chini na ngazi za maghorofa, waseme kama wanasikiana, kabla hundi haijaandikwa.

Lingine ambalo silegezi: mkataba useme wazi kwamba mfumo utafuata kiwango kinachotumiwa na wauzaji zaidi ya mmoja, na kwamba utaongea na wa polisi. Kaunti isiponunua hivyo, imejifunga kwa duka moja.

Dada wa Mombasa, asante sana. Kama kuna mwingine aliyewahi kukaa kwenye meza ya dharura, aandike kaunti yake iliunganishaje zimamoto, ambulensi na polisi, na betri zilidumu muda gani. Na aliyewahi kuiomba kaunti nakala ya mkataba kwa maandishi, atuambie alijibiwa nini.