Binti yangu wa PCB na orodha yake ya vyuo 14 vya Marekani: nisaidieni kuipanga

Mama Neema wa Moro (9 Juni 2024)

Wapendwa, habari za Jumapili. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nashona sare za shule. Binti yangu amemaliza Form Five, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), shule ya bweni ya serikali. Form Four alipata Division One ya pointi 7, na tangu siku ile kila anayekutana naye anamwambia "wewe ni wa nje wewe".

Aliporudi likizo alinipa karatasi aliyochana kwenye kaunta buku, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kuachia. Amepiga mistari kwa rula, namba 1 hadi 14. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Stanford, Columbia, vyote kwa kalamu ya bluu, na pembeni ameandika katika waombaji 100 wanachukuliwa wangapi: 4 au 5 tu. Vitatu vya mwisho ni vyuo vya majimbo vinavyochukua zaidi ya nusu ya waombaji, na hivyo ndivyo anaviita "vya uhakika". Chini kabisa, nje ya mistari, ameandika MUHAS, chuo cha udaktari cha Muhimbili, kwa penseli, tena hafifu, ikabidi nisogee dirishani ndipo nisome.

Sitaki kumkatisha tamaa, mtoto amejituma. Lakini nahisi orodha hii imelalia upande mmoja. Kuna wakala hapa mjini anataka milioni moja na nusu, anasema nafasi na ufadhili ni lazima. Nina cherehani mbili, nilishaanza kutafuta mteja wa moja. Naombeni ushauri kabla sijauza.

Kijana wa Unyanyembe (9 Juni 2024)

Shikamoo mama. Tafadhali usiuze cherehani. Hakuna wakala mwenye uwezo wa kumpa mtu nafasi. Fomu Neema anajaza mwenyewe kwenye tovuti ya Common App, inayopokea maombi ya vyuo vingi kwa fomu moja, kufungua akaunti ni bure, na ada ya maombi anaweza kuomba asamehewe kwa sababu ya kipato.

Mimi nilitoka Form Six Tabora nikasoma Grinnell, Iowa. Nianze na vile vitatu vya mwisho, maana hapo ndipo nilipoumia. Chuo cha jimbo kinaweza kuchukua watu 70 katika 100, lakini mgeni analipa bei ya mtu wa nje ya jimbo, na msaada kwa wageni ni mdogo au haupo kabisa. Niliomba vyuo 11, vinne vikanikubali. Kimoja kilituma barua nzuri yenye nembo ya dhahabu, baba akaitia fremu siku hiyohiyo. Tulipokuja kusoma karatasi ya pili tukakuta pengo la dola 38,000 kwa mwaka. Mtoto wa kwetu hesabu yake ni moja: akikubaliwa, nani analipa? Kwa kipimo hicho, mama, Marekani hana chuo cha uhakika hata kimoja. Penseli ile ya MUHAS ndiyo uhakika wake.

Sasa kuhusu vile vikubwa. Kuna vyuo vichache ambavyo havitazami mfuko wa mgeni wakati wa kuamua kumchukua, na wakimchukua wanaziba pengo lote: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin, na Brown kuanzia waombaji wa 2024/25, kundi la kina Neema. Stanford na Columbia wana hela nyingi, lakini mgeni anayeomba msaada wanalitazama hilo katika kuamua. Binti yako akichagua vitatu au vinne katika hivi inatosha. Kila kimoja kinataka insha zake, na insha ya kumi iliyoandikwa saa sita usiku inajulikana tu.

Katikati ndipo orodha yake ilipo tupu. Kuna vyuo vidogo ambavyo hapa nyumbani havina jina: Grinnell, Macalester, Smith, Mount Holyoke. Hivi vinaangalia mfuko, kwa hiyo ushindani upo tena mkali, ila mgeni wakimchukua wanamlipia kadiri familia inavyopungukiwa. Smith na Mount Holyoke ni vya wanawake. Macalester ndiko alikosoma Kofi Annan, alimaliza 1961. Aongeze na Berea, Kentucky: hawatozi ada ya masomo, na kila mwanafunzi anafanya kazi chuoni angalau saa 10 kwa wiki. Wageni wanachukua wachache sana, asiitegemee peke yake.

Mwalimu Mstaafu (10 Juni 2024)

Mama Neema, hongera kwa malezi. Kijana amesema vizuri, mimi nina jambo la karatasi za shule, maana nimeona watoto wazuri wakiangushwa nazo.

Ripoti ya Form Five ya binti yako inasemaje? Shule zetu za bweni zinabana alama. Mtoto anaweza kuwa na 66 fizikia akawa wa tatu darasa zima. Mmarekani akiona 66 anadhani mtoto anafeli. Mwombe mkuu wa shule aandike kwenye barua yake ngazi za NECTA (Baraza la Mitihani) za Form Six: A ni 80 na kuendelea, B ni 70 hadi 79, C ni 60 hadi 69. Aandike pia nafasi yake darasani na idadi ya wanafunzi. Mistari miwili tu, lakini bila hiyo hata orodha iliyopangwa vizuri haimsaidii.

Pili, SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani. MIT wanaidai, na mwaka huu wa 2024 Harvard, Yale, Dartmouth na Brown wamerudisha sharti la mitihani. Amherst, Bowdoin, Smith na Mount Holyoke hawalazimishi. Nauli ya Dar, malazi, na ada inayozidi dola 100: pigeni hesabu kwanza, ndipo mjue katika vile vikubwa abaki na vipi.

Tatu, kalenda iko upande wenu. Maombi mengi ya Marekani yanafungwa siku za mwanzo za Januari. Majibu yanatoka kabla Machi haijaisha au Aprili mwanzoni, na anatakiwa kujibu tarehe 1 Mei, siku chache tu kabla ya mtihani wa Form Six. Matokeo ya NECTA yanatoka Julai, ndipo dirisha la vyuo vya hapa linafunguka. Kwa hiyo kuomba kule hakumpotezei nafasi ya hapa. Kinachoweza kuipoteza ni akiacha kusoma Februari na Machi kwa kusubiri barua.

Daktari wa Upanga (10 Juni 2024)

Dada yangu, sijaona mtu akiuliza: Neema anataka kusomea nini?

Nauliza kwa sababu PCB na MUHAS vinanielekeza kwenye udaktari. Kama ni hivyo, mwelezeni mapema kwamba Marekani haingii udaktari akitoka Form Six. Anasoma digrii miaka minne, halafu anaomba upya chuo cha udaktari, miaka minne mingine. Vyuo vingi vya udaktari kule havipokei wageni, na baadhi ya vinavyopokea vinataka kuona fedha ya miaka yote kabla hajaanza. Ule msaada wa digrii ya kwanza haumfuati huko. Hapa nyumbani MD, yaani digrii ya udaktari, ni miaka mitano na mwaka mmoja wa mafunzo kazini, kisha ni daktari.

Na orodha ya hapa nayo ipangwe, msiandike MUHAS peke yake. Kigezo cha chini cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwa MD ni pointi 6 katika Fizikia, Kemia na Baiolojia (hizi, tofauti na za Form Four, zikiwa nyingi ndiyo vizuri), lakini MUHAS wanaopata wako juu mno ya hapo. Aweke na vyuo vingine vya udaktari: KCMC Moshi, CUHAS Bugando kule Mwanza, UDOM Dodoma. Akifaulu kama Form Four, kuna Samia Scholarship, ufadhili wa serikali, ilianza 2022/23 kwa wanaofanya vizuri zaidi kwenye sayansi, na elimu tiba imo. Mimi nilisoma kwa mkopo, nikamaliza kuulipa nikiwa na watoto wawili. Hiyo ingenibadilishia maisha.

Mama Neema wa Moro (16 Juni 2024)

Nawashukuru wote, na shikamoo Mwalimu. Wakala nimemjibu hapana, na cherehani zote mbili ziko barazani.

Nilimsomea Neema majibu yenu jioni, umeme umekatika, kwa tochi ya simu. Kwa Kijana alinyamaza. Kwa Daktari akalia, nikaacha kusoma. Baadaye akaniambia anachotaka ni kuusoma ugonjwa wa selimundu (sickle cell). Binamu yake anaumwa huo, tumelala naye wodini mara nyingi, na Neema anataka kujua kwa nini damu inafanya vile. Amesema akiipata baiolojia kule ataifurahia, na akiupata udaktari hapa ataufurahia vilevile. Nilikuwa sijawahi kumuuliza.

Karatasi mpya ina Yale, Amherst na Bowdoin. Kisha Grinnell, Macalester, Smith, Mount Holyoke na Berea. Vya majimbo amefuta vyote. Yale nilitaka aitoe kwa ajili ya gharama ya SAT, akaomba abaki na ndoto moja, nami nimekubali; sare za Julai zitalipa. Upande wa pili wa karatasi ni MUHAS, KCMC, CUHAS na UDOM, kwa kalamu ya bluu.

Mkuu wa shule nimempigia, nitapeleka maelezo ya Mwalimu shule ikifunguliwa. Simu haziruhusiwi bwenini, kwa hiyo insha ataandika kwenye daftari na mimi nitazichapa stationery siku za kumtembelea. Nina swali moja limebaki. Mwalimu wake wa baiolojia hana barua pepe ya shule, ana Gmail yake tu. Watamkubalia?

Kijana wa Unyanyembe (16 Juni 2024)

Watamkubalia mama, wa kwangu alituma kwa Gmail. Ila jina la shule na cheo chake viwepo kwenye barua, na muhuri. Na mwombe aanze Agosti, asisubiri Desemba, maana mwezi huo walimu wanasafiri na mtandao wa vijijini mnaujua. Insha ya kwanza ikishachapwa nitumie, nitaisoma usiku huohuo.