Kadi za harusi zinajikunja, picha za bibi zimenata: ninunue karatasi gani?

BintiKibokoni:
Assalaam aleykum jamaa. Naomba ushauri kabla sijamaliza pesa. Dada yangu anaolewa mwezi ujao, nami nimejitolea kumtengenezea kadi 80 za mwaliko kwa mkono, pamoja na albamu ya picha za zamani za marehemu bibi yetu.

Nilianza na karatasi za rangi za fotokopi, gundi nyeupe ya maji na vipande vya leso. Kadi kumi za kwanza zilipokauka zilijikunja kama majani makavu ya mwembe. Picha nazo zimo katika albamu ya kale yenye kurasa za gundi na plastiki juu. Nilipoivuta moja ilichanika pembeni, pale kwenye bega la bibi. Nililia. Naishi Mji wa Kale, Mombasa, hewa ya bahari inaingia hadi kabatini. Nifanyeje?

MamaZuu_Likoni:
Wa aleykum salaam mwanangu, pole. Usivute nyingine! Kwanza zipige picha kwa simu zikiwa hapo hapo zilipo. Kisha chukua uzi wa kusafishia meno, ule usiotiwa nta, uupitishe chini ya picha ukienda nao na kurudi kama msumeno, taratibu. Isiyotoka iache, kata ukurasa kuizunguka.

Albamu mpya iwe ya karatasi isiyo na asidi. Karatasi ya bei rahisi hugeuka manjano kama gazeti lililoachwa juani, na picha huathirika nayo. Picha usizipake gundi kabisa. Kata pembe ndogo za karatasi, bandika hizo pembe kwenye ukurasa, picha uichomeke tu. Siku ukitaka kuitoa inatoka nzima. Plastiki yenye harufu kali kama ya kitambaa kipya cha meza iepuke, mara nyingi ni PVC, na hiyo huharibu picha.

FundiKaratasi:
Kwenye kadi, kosa ni karatasi yenyewe. Ya fotokopi ni gramu 80 kwa mita mraba, haiwezi kubeba kitambaa wala gundi ya maji. Omba kadi ngumu ya gramu 220 hadi 300. A4 moja ukiikata nusu unapata kadi mbili, kila moja ikikunjwa inakuwa A6, yaani milimita 105 kwa 148, na inaingia bahasha ya C6. Kwa hiyo unahitaji A4 40. Nunua 45, lazima utaharibu.

Jambo jingine, kadi ngumu ikikunjwa vibaya hupasuka kwenye mkunjo. Karatasi ina mkondo wa nyuzi kama ubao. Ipinde kidogo bila kuivunja, urefu kisha upana: upande unaopindika kwa urahisi ndio ufuate. Kabla ya kukunja, pitisha kalamu ya biro iliyoisha wino kando ya rula ya chuma, ukibonyeza. Ukikunja hapo mstari unatoka safi. Mimi ningetumia pesa kwenye rula hiyo na kisu chenye wembe mpya kabla ya pambo lolote.

Gundi ya maji iweke kando. Tumia selotepu ya pande mbili.

Asumini_Tudor:
Leso ipige wanga na pasi kabla ya kukata, haitachanika nyuzi. Mapambo ya chuma hapa kwetu usiyaguse, pini na stepla zinaacha doa la kutu. Shanga bandika mbili tatu tu, bahasha ifungike.

Mzee_wa_Bondeni:
Mbona hamjataja gundi ya bunduki, ile inayoyeyushwa kwa moto? Inashika papo hapo.

FundiKaratasi:
Inashika mzee wangu, lakini inaacha uvimbe unaoonekana upande wa pili. Kwa shanga sawa, kwa leso hapana.

MamaZuu_Likoni:
Na usizilaze kadi kabatini kwenye ukuta wa nje, mawe yetu hayo hunywa unyevu. Tia kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

BintiKibokoni:
Shukran sana nyote. Jana nilipata manila ya gramu 250 karibu na Digo Road, na leso nyekundu kutoka Biashara Street. Usiku nilitengeneza tatu kwa selotepu, nikazilaza chini ya vitabu. Asubuhi hii zimenyooka kama rula. Na kwa ule uzi wa meno nimetoa picha sita za bibi bila kuchanika hata moja. Nyuma ya moja kuna mwandiko wake, jina la mama yangu na siku aliyozaliwa. Hiyo naiweka ukurasa wa kwanza, kwa pembe.