Timu ya kriketi ya Waparsi wa Bombay: waigaji wa Mwingereza au wapinzani wake?

Mleta mada:
Wakuu, kila ikitajwa kriketi ya India enzi za ukoloni, hakosi mtu wa kusema Waparsi wa Bombay (jamii ya India yenye asili ya Uajemi, wafuasi wa dini ya Zoroaster) walikuwa waigaji tu, waliocheza ili wampendeze mtawala. Nakataa, tena kwa nguvu.

Oriental Cricket Club waliianzisha wenyewe mwaka 1848. Bombay Gymkhana ilikuwa klabu ya Wazungu, wao hawakuwa na nafasi humo. Wakabaki kuchezea uwanja wa wazi mjini, na hata hapo Wazungu wakaingiza farasi wa polo, kwato zikachimbua nyasi mpaka mpira ukawa haujulikani utadundia wapi. Waparsi wakapeleka malalamiko serikalini, tena na tena. Kibaraka gani hufanya hivyo?

Na uwanjani? 1886 walipanda meli hadi Uingereza, wakacheza mechi 28, wakashinda 1 tu. Wengine wangetundika daluga. Wao walirudi 1888, wakashinda 8, na mrushaji wao Mehellasha Pavri akaangusha wiketi 170, yaani akawatoa wapigaji mara 170. Januari 1890 timu ya G. F. Vernon ikaja India kutoka Uingereza, na Waparsi wakaifunga palepale kwenye uwanja wa Bombay Gymkhana. Nikifikiria jioni ile, mwili unanisisimka.

Mchangiaji:
Mkuu, kushinda walishinda, sibishi. Mimi nauliza kilichofuata. Kuanzia 1892 likawa shindano la Waparsi dhidi ya Wazungu kila mwaka, 1907 ikaingia timu ya Wahindu, 1912 ya Waislamu, 1937 ya wale waliobaki, Wakristo wakiwemo. Dini ikawa ndiyo jezi. Gandhi alilipinga shindano hilo hadharani mwaka 1940, na baada ya 1946 halikuchezwa tena. Njia hiyo aliifungua nani?

Mleta mada:
Hoja yako ni nzito, na sehemu yake naikubali: klabu yao ya 1850 waliiita Zoroastrian, kwa dini yao. Lakini mtazame Palwankar Baloo, Mdalit (wa tabaka la chini kabisa, walioitwa wasioguswa), mrushaji hodari wa timu ya Wahindu, aliyenyimwa unahodha miaka yote kwa sababu ya tabaka lake. Mwaka 1923 mdogo wake Vithal akaupata, na Wahindu wakatwaa kombe. Ni shindano hilohilo unalolilaumu lililowafanya watu wa tabaka la juu wasimame kumshangilia Vithal.