Jalada gani la albamu halikutoki moyoni, na lingekuwa zuri bila nyimbo zake?

Binti Makorora
Nianze na langu. Survival ya Bob Marley na Wailers, 1979. Wengi mmeliona: bendera za Afrika zimepangwa safu kwa safu, na kwenye ukanda wenye jina la albamu kuna ule mchoro wa watu waliolazwa ndani ya meli ya watumwa, wamebanana kama dagaa kwenye tenga. Mchoro wenyewe ulichapwa Uingereza mwaka 1788, meli iliitwa Brookes. Jalada ni kazi ya Neville Garrick.

Kwetu Tanga lilitundikwa kwa msumari juu ya redio. Jalada tupu. Sahani yenyewe ya santuri baba aliiazimisha harusini kabla sijazaliwa, haikurudi. Kwa hiyo bendera za Afrika nilizijua kwa kidole kabla ya kujua kusoma, na nyimbo zenyewe nilikuja kuzisikia nina miaka kumi na tisa, kwenye simu ya rafiki, tuko ndani ya basi. "Zimbabwe" ilipoanza nililia mpaka abiria wa jirani akanipa pole ya msiba.

Swali langu ni hili: nililia kwa wimbo, au kwa lile jalada? Jalada linaweza kusimama lenyewe?

Mengine niyapendayo ni Confrontation, Bob yuko juu ya farasi anamchoma joka mkuki, na Graceland ya Paul Simon, 1986, yenye picha ya mtakatifu wa Kihabeshi, naye juu ya farasi. Wekeni yenu, jalada na wimbo wake. Nawaonea wivu waliokuwa na mambo haya. Huku kwetu nyimbo tulikuwa nazo, majalada hatukuwa nayo. Bendi zetu zimebaki kwenye mikanda ya redio bila sura.

Mzee wa Sahani
Huku kwetu wapi, binti yangu? Mimi niko Nairobi, nina masanduku mawili ya sahani chini ya kitanda, yote ya bendi zilizopiga hapa. Sahani zilitengenezwa mji huu huu. Ukipita River Road miaka ile, kila duka linapiga lake, unatembea kutoka Simba Wanyika unaingia Super Mazembe, hatua kumi mbele unakutana na Virunga. Usiseme hatukuwa nayo. Sema nyinyi.

Rasi Msasani
Jalada la Survival ni zuri kweli, lakini naona kama lilitengenezwa kumuenzi Bob baada ya kufariki. Ndiyo maana wakaweka bendera zote.

Binti Makorora
Hapana kaka. Survival ni 1979, Bob amefariki Mei 1981. Iliyotoka baada ya kifo ni Confrontation, 1983. Na Aprili 1980 alikwenda mwenyewe kuimba kwenye sherehe za uhuru wa Zimbabwe, wimbo ukiwa tayari umo kwenye Survival. Wimbo ulitangulia uhuru.

Mkuu wa Ilala
Mzee wa Sahani, shikamoo, lakini hapo kwenye "sema nyinyi" umenigusa. Simba Wanyika walitoka wapi? Wilson na George Peter Kinyonga ni watoto wa Tanga, mji wa huyo huyo binti unayemfokea. Walipiga Jamhuri Jazz pale Tanga, wakapita Arusha, ndipo wakaingia Nairobi mwaka 1971. Nyinyi mlitoa plastiki, sisi tulitoa nyimbo.

Jirani wa Eastlands
Plastiki?! Wangebaki Tanga leo tungewajua kina nani? Studio ilikuwa hapa, maduka yalikuwa hapa, na watu wa kununua walikuwa hapa. Les Wanyika nayo ilizaliwa Nairobi mwaka 1978, baadhi ya wanamuziki walipojitenga na Simba Wanyika. "Sina Makosa" nimeisikia kwenye harusi ya kila shangazi yangu. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

Mkuu wa Ilala
Na damu ni nzito kuliko maji. John Ngereza aliyeimba Les Wanyika alikuwa Mtanzania. Kile Kiswahili unadhani walijifunzia River Road?

Jirani wa Eastlands
Sasa umetukana Kiswahili cha Kenya nzima. Mombasa unaijua?

Kijana wa Likoni
Mombasa yenyewe ipo na imenyamaza kwa sababu swali lilikuwa la majalada, jamaa zangu.

Mimi jalada langu ni la kaseti. Kaseti za taarab za Juma Bhalo alizokuwa akinunua mamangu. Karatasi imekunjwa mara mbili, picha ya mwimbaji ndogo kama ya kitambulisho, wino umetoka nje ya mistari, majina ya nyimbo yamepigwa taipu na moja limesahauliwa likaongezwa kwa kalamu. Mama alikuwa akiitoa ile karatasi kwanza, anaisoma, anaipangusa kwa ncha ya leso, ndipo anatia kaseti. Hakuna siku aliyotia kaseti kabla ya kuitazama ile picha. Kwa hivyo dada, kusema hatukuwa na majalada umekosea, wallahi. Yalikuwa madogo tu.

Binti Makorora
Kaka yangu, hapo nimekosea na nakubali. Niliwaza sahani nikasahau kaseti. Huyo mama akiipangusa kwa leso nimemuona kabisa.

Nyamagana Hip Hop
Kwa heshima zote, mnaongea mambo ya wazee. Jalada namba moja duniani ni la Makaveli, yaani Tupac, The Don Killuminati, 1996. Tupac msalabani. Ilitoka miezi miwili haijafika tangu auawe. Mwanza nilikua naona picha hiyo nyuma ya daladala, kinyozi, kwenye fulana. Wimbo: "Hail Mary".

Mama Ibada
Hiyo ni kufuru. Msalaba si pambo la kuuzia muziki. Mwanangu aliibandika ukutani nikaibandua mwenyewe.

Nyamagana Hip Hop
Mama, mimi ni Mkristo, nimebatizwa na nasali. Pale naona kijana anayesema amesulubiwa na magazeti na polisi. Wewe ulibandua, mimi niliiangalia nikamuomba Mungu anitoe mtaani. Usiniambie nilikufuru.

Mama Ibada
Sijakuita wewe mkufuru. Nimesema picha.

Nyamagana Hip Hop
Picha ndiyo iliyonitoa mtaani, mama.

Binti wa Ng'ambo
Naomba niingie kwenye swali kabla halijazama. Mimi ni mtu wa kanga, nauza kanga hapa Unguja, na Survival ninaisoma kama kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Mji ndio uwanja wa katikati, unaoonekana kwa mbali: zile bendera. Jina ni ule ukanda mdogo ambao mtu hausomi mpaka akusogelee: ile meli. Mwanamke akipita na kanga unaona rangi kwanza. Akikukaribia ndipo unapata ujumbe, na pengine ujumbe ni mkali. Garrick alifanya hivyo hivyo. Bendera zinakuita, unakuja kwa furaha ya kutafuta ya kwenu, ukifika karibu unakuta watu wamelazwa kwenye meli. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, jalada linasimama lenyewe. Kanga haihitaji wimbo.

Halafu tazameni Rastaman Vibration ya 1976, ya mkono huo huo wa Garrick. Linaonekana kama gunia. Gunia lile linapendeza kuliko hariri ya wengine.

Rasi Msasani
Nimelikuza Survival kwenye simu baada ya maneno ya kanga. Kuna bendera ya Papua New Guinea! Hiyo ni Afrika?

Binti wa Ng'ambo
Ni watu weusi, wanaishi mbali. Kwenye mji wa kanga hata ua moja geni linaruhusiwa.

Jirani wa Eastlands
Mnaona? Garrick alimweka Papua kwenye Afrika na hakuna aliyelia. Lakini Simba Wanyika wakae Nairobi zaidi ya miaka ishirini, bado ni "watoto wa Tanga".

Mkuu wa Ilala
Hakuna aliyesema wasikae. Nimesema mlipokula muhogo mkumbuke shamba.

Lubumbashi Hadi Arusha
Niwaulize wote wawili. Super Mazembe mnaowataja kila mara ni Wakongo, walipitia Zambia wakaja Nairobi, na "Shauri Yako" Kenya nzima inaiita yake. Samba Mapangala wa Virunga ni Mkongo. Remmy Ongala alizaliwa Kongo, akawa mtu wa Sinza mpaka mtaa ukapewa jina lake, Kwa Remmy, na Tanzania nzima inamwita wake. Sisi Wakongo tungeanza kudai, mngebaki na nini? Baba yangu alikuwa akisema wanamuziki hawa walikuwa na pasipoti moja tu, gitaa.

Nami nirudi kwenye swali. Remmy na Super Matimila walipata albamu Uingereza, Songs for the Poor Man, lebo ya Real World, 1989. Nilipoiona mara ya kwanza, CD mpya, ina jalada, ina majina ya wapigaji, ina maelezo ya nyimbo, nilifurahi na nikaumia saa hiyo hiyo. Ilibidi avuke bahari ndipo nyimbo zake zikavikwa nguo. Binti Makorora alichosema pale mwanzo kuhusu mikanda ya redio ndicho hicho. Bendi za Dar, Mlimani Park, Juwata, Maquis, wote walirekodi Redio Tanzania. Nyimbo hizo watu wanaziimba mpaka kesho. Nioneshe jalada.

Mzee wa Sahani
Jalada mlitaka? Nimetuma picha za masanduku yangu. Tazameni.

Kijana wa Likoni
Mzee wangu, nimetazama moja moja. Nyingi ni zile sahani ndogo, na jalada lake ni karatasi ya kahawia yenye tundu katikati ili kibandiko kionekane. Hakuna picha. Simba Wanyika mwenyewe yumo kwenye karatasi yenye tundu.

Mzee wa Sahani
Kijana, wewe hukuwahi kugeuza sahani hiyo. Wimbo mmoja umekatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande ule. Unacheza na mtu, waimbaji wanamaliza maneno, magitaa yanaanza kuchemka, pap, kimya. Lazima mmoja akimbie kugeuza huku mwenzake amesimama katikati ya sebule mikono hewani. Mke wangu nilimpata kwenye huo ukimya. Nilirudi kutoka kugeuza nikamkuta bado amesimama ananingoja. Amefariki sasa. Karatasi ya kahawia unayoiona ina alama ya kikombe chake cha chai. Hilo ndilo jalada langu, na picha ninayo.

Binti Makorora
Mzee wangu, shikamoo, na pole sana. Sikukusudia kukuambia huna kitu.

Mzee wa Sahani
Marahaba mwanangu. Sikukasirika na wewe. Nilikasirika na neno "bila sura".

Mkuu wa Ilala
Mzee, nami nisamehe la plastiki.

Jirani wa Eastlands
Mimi je?

Mkuu wa Ilala
Wewe tutaonana kwenye harusi ya shangazi yako ijayo, nikuoneshe "Sina Makosa" inavyochezwa Ilala.

Nyamagana Hip Hop
Hakuna aliyetaja Thriller, 1982? Suti nyeupe, na ukifungua ndani unakuta mtoto wa chui milia. Dada yangu mkubwa alikuwa nalo. Nadhani ndilo jalada la kwanza nililopigwa kwa kulishika.

Binti wa Ng'ambo
Nilipigwa kwa hilo hilo.

Lubumbashi Hadi Arusha
Binti Makorora, hujajibiwa swali lako la kwenye basi. Mimi nadhani ulilia kwa sababu ulikuwa umelisubiria sauti lile jalada miaka kumi na tisa. Na Confrontation, ukilipata lenye karatasi ya ndani, litoe: kuna picha ya vita vya Adwa, 1896, Wahabeshi wakiwapiga Waitaliano. Farasi wa nje na vita vya ndani ni hadithi moja.

Binti Makorora
Sikuwahi kujua kuna Adwa ndani. Nimekuwa nikilitazama kwenye simu tu, na simu haina ndani.

Kuhusu basi, bado sijui. Nilipoisikia "Zimbabwe" nilimuona baba anabadilisha betri za redio, jalada liko juu ya kichwa chake. Labda sikulilia lolote kati ya hayo mawili.

Kijana wa Likoni
Dada, nina jambo. Mjomba wangu aliacha sahani ya Survival. Haina jalada, tangu nipate akili imefungwa kwa gazeti. Inaruka mara moja kwenye "Zimbabwe", lakini upande wa pili, "Africa Unite" mpaka mwisho, uko safi. Hapa mimi sina hata mashine ya kuipigia.

Binti Makorora
Unaiuza?

Kijana wa Likoni
Siuzi. Nataka nilione hilo jalada kwanza, lile lenye tundu la msumari.

Binti Makorora
Tundu lipo, juu kulia. Nitalipiga picha kesho mchana kukiwa na mwanga. Ila haliwezi kutoka Tanga, mama hatakubali. Itabidi sahani ndiyo ije.

Kijana wa Likoni
Mpakani Horohoro si mbali. Mwambie mama nakuja na sahani, na naomba chai.

Mzee wa Sahani
Mashine ninayo mimi. Sindano mpya, niliiweka Januari.