Mrejesho: Biskuti za kakao za Pasaka kutanuka na kupoteza umbo la sungura

Wadau, niliuliza kwa nini biskuti za sungura na yai zinatoka tanurini zimekuwa chapati. Majibu yenu yamefanya kazi, asanteni. Kiini ni siagi. Joto la jiko letu la pwani huilainisha kabla unga haujashika.

Vipimo vilivyokubali: siagi gramu 200, sukari ya unga 150, yai 1, unga wa ngano 330, kakao 60, chumvi robo kijiko cha chai. Bekin pauda hakuna kabisa, maana inaumua na masikio ya sungura yanavimba. Majarini laini ya kupaka mkate pia iacheni, ina maji mengi.

Piga siagi na sukari hadi vichanganyike tu. Ukiendelea hadi iwe nyeupe unaingiza hewa, na biskuti zitatanuka. Changanya na vilivyobaki, kisha sukuma donge likiwa bado laini, katikati ya karatasi mbili za kuokea, unene wa milimita 5, kisha friji saa nzima. Kata, rudisha trei kwenye friza dakika 15, oka nyuzi 175 kwa dakika 9 au 10. Weusi wa kakao unaficha kuungua, kwa hiyo gusa ukingo: ukiwa mkavu na katikati pakibonyea kidogo, toa.

Kunyunyizia donge lisinate, tumia kakao. Unga mweupe unaacha madoa.

Urembo wa aisingi subiri zipoe kabisa. Pasaka huku inaangukia masika, unyevu mwingi, hivyo iache ikauke usiku kucha ndipo ufungashe.