Slivu kwenye bloku ya K24, au niachane nayo? Naomba ulinganisho kabla ya Ijumaa

Ngurumo24
Wakuu, salaam. Bloku yangu ya K24, injini ya Honda ya silinda nne, imefunguliwa, imeoshwa na iko mezani. Fundi mashine anataka jibu kabla ya Ijumaa, kwa sababu baada ya hapo mashine yake ya kuchonga itakuwa na kazi ya mtu mwingine kwa wiki tatu. Ninalinganisha njia nne: kubaki na slivu za kiwandani (mirija ya chuma ambamo pistoni hutembea), kuweka slivu kavu zenye ukingo, zinazopachikwa ndani ya alumini, kuweka slivu za maji za aina ya Darton, ambazo kingo zake za juu hushikana na kuufunga uso wa bloku, au kuiuza bloku hii na kuhamia injini ya chuma cha kusubu kama 2JZ ya Toyota. Nataka nguvu nyingi na sitaki kuifungua injini mara mbili. Mngekuwa ninyi mngechagua ipi?

MzeeWaLethi
Mwanangu, "nguvu nyingi" si kipimo. Sema unalenga nguvu za farasi ngapi, zimepimwa kwenye kranki au kwenye magurudumu, gari ni la barabarani au la mbio fupi za mstari ulionyooka, na utachoma mafuta gani. Sema pia kama silinda za sasa ni nzima. Hata mganga huuliza kwanza unaumwa wapi.

Chuma_Tupu
Mimi sihitaji kujua hayo yote ili kujibu. Nenda 2JZ. Bloku yake ni chuma cha kusubu kitupu, uso wake umefungwa tangu kiwandani, na silinda ina kipenyo cha milimita 86 kwa mwendo wa pistoni wa milimita 86. Slivu haiwezi kuzama mahali ambapo hakuna slivu. Kila mwaka ninasoma uzi kama huu, na kila mwaka mtu analipia uchongaji wa alumini halafu anarudi kuuliza kwa nini kulanti (maji ya kupozea injini) inapungua.

Msasa_Laini
Chuma_Tupu, mwenzetu ana gari ambalo injini hukaa kwa upana mbele. Silinda sita za mstari atazipitishia wapi?

Ndugu Ngurumo24, kama unawaza slivu ili kuongeza ujazo, acha. Katika bloku za K, kutoka katikati ya silinda moja hadi katikati ya jirani yake ni milimita 94. Kwa kipenyo cha kiwandani cha milimita 87 unabakiwa na milimita 7 kati ya shimo na shimo. Ukipanua hadi 90 zinabaki 4, na ndani ya hizo 4 gasketi ya hedi inatakiwa kuzuia moto wa pande zote mbili. Faida yake ni kutoka sentimita za ujazo 2,354 hadi 2,519, yaani asilimia 7 tu, kiasi ambacho turbo hukupa kwa kuongeza shinikizo kidogo. Sababu halali ya kuweka slivu ni uimara wa ukuta na kuufunga uso wa bloku. Ile ya kiwandani ina uso wazi: silinda zimesimama ndani ya kulanti bila kushikwa juu, na mzigo ukizidi hutikisika, gasketi ikachoka. K24 ina mwendo mrefu wa milimita 99 na konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) ya milimita 152, kwa hiyo konrodi hulala hadi nyuzi 19 hivi na kuisukuma pistoni ubavuni. Shinikizo la bar 100 juu ya pistoni ya milimita 87 ni karibu tani 6, na sehemu ya mzigo huo inaishia kwenye ukuta wa silinda.

Ngurumo24
Shikamoo Mzee, na asanteni nyote. Ninalenga nguvu za farasi 700 kwenye magurudumu. Mafuta ni ethanoli asilimia 85. Gari litatembea barabarani siku nyingi, na mara chache litaingia kwenye mbio fupi. 2JZ haiingii, Msasa_Laini amesema kweli, ila niliitaja kwa sababu ningeweza kuuza hata gari lenyewe.

Rejeta_Imechemka
Naomba nisimulie yangu, na mnivumilie kwa urefu wake. Niliwekewa slivu kavu kwenye bloku ya alumini ya silinda nne, katika karakana moja ambayo sitaitaja. Miezi miwili ya kwanza sikuwa na la kulalamikia. Kisha nikaanza kuona kwamba asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, mpira wa juu wa rejeta ni mgumu kama umejazwa upepo. Kulanti ilipungua kidogo kidogo bila hata tone kuonekana chini ya gari. Nilibadilisha mfuniko wa rejeta, kisha pampu ya maji, kisha gasketi ya hedi, nayo ikadumu wiki tano. Nikaweka nyingine ya tabaka za chuma pamoja na boliti ngumu zaidi. Hiyo ikadumu wiki sita. Nikaanza kuilaumu hedi, nikaipeleka kusawazishwa ingawa haikuwa imepinda, na nadhani fundi aliichonga kunifurahisha tu.

Mara ya tatu nilimpata fundi mwingine, mtu mkimya, ambaye kabla ya kuuliza chochote aliweka rula ya chuma na geji ya saa juu ya uso wa bloku. Slivu ya silinda ya tatu ilikuwa imezama milimita 0.06, na upande mmoja ulizama kuliko mwingine. Tulipoitoa tukakuta kiti chake kimechongwa na mteremko, na chini ya ukingo kulikuwa na chembe za alumini ambazo hakuna aliyezipangusa siku ya kuipachika. Hedi ilipokazwa na injini ikapata moto na kupoa mara nyingi, slivu ilikuwa ikijitafutia mahali pa kukaa. Gasketi zangu mbili hazikuwa na kosa lolote. Kufikia hapo kulanti ilikuwa imeshaingia kwenye oili na beringi za kranki zilikuwa zimekwaruzika. Injini iliyoingia karakana na silinda nzima ilitoka kwangu ikiwa haina kranki, na yule aliyechonga kiti akaniambia nilizidisha shinikizo la turbo.

Chuma_Tupu
Nilisema nini?

MzeeWaLethi
Pole sana, Rejeta. Lakini Chuma_Tupu, usichukue kosa la ufagio ukalifanya kosa la slivu. Alichokipata ndugu huyu kilitokana na kiti kibaya na uchafu.

Hatari iliyo ya slivu kavu yenyewe ni upanuzi. Alumini hupanuka takriban mara mbili ya chuma cha kusubu. Chukua slivu yenye kipenyo cha nje cha milimita 92: joto likipanda nyuzi 70, tundu la alumini litapanuka karibu milimita 0.15, na slivu karibu 0.07. Ikiwa fundi aliipachika kwa mbano wa milimita 0.06, hesabu inasema mbano umekwisha. Katika hali halisi slivu huwa na joto kuliko alumini inayoizunguka, kwa hiyo mbano haupotei wote, lakini hupungua kiasi kwamba kazi ya kuishikilia slivu inabaki kwa ukingo wake wa juu na kwa hedi inayoukandamiza. Ndiyo maana mimi hupima kiti kabla sijapima kitu kingine chochote, na ndiyo maana uso wa bloku husawazishwa baada ya slivu zote kukaa. Palipolegea joto nalo halipiti vizuri, pistoni inapata moto upande huo, na mwenye gari anadhani ana pistoni mbaya.

Msasa_Laini
Mzee, hiyo si ndiyo hoja ya kuchagua slivu za maji? Kulanti inaigusa slivu moja kwa moja.

MzeeWaLethi
Ni hoja nzuri, nayo ina bei yake. Slivu ya maji inakutaka uondoe silinda ya alumini yote, na usalama wa oili yako unabaki mikononi mwa oringi za chini, zile pete za mpira. Oringi ikikatwa na ncha kali wakati wa kupachika, hutaiona. Bloku isipojaribiwa kwa shinikizo kabla ya kufungwa, utapata habari kwenye kijiti cha oili. Halafu uso ukishafungwa, njia za kulanti kwenda kwenye hedi ni zile matundu utakazoachiwa, na gari la barabarani linalosimama kwenye foleni ya magari linahitaji kupoa kuliko la mbio.

Chuma_Tupu
Turudi kwenye chuma. Injini ya BMW iliyompa Nelson Piquet ubingwa wa Formula 1 mwaka 1983 ilikuwa ya silinda nne, lita 1.5, yenye turbo, na bloku yake ilikuwa chuma cha kusubu iliyotokana na injini ya magari ya kawaida. Wahandisi wale hawakukosa alumini.

Msasa_Laini
Na hawakukosa injini ya pili kwa ajili ya mbio inayofuata. Mwenye uzi amesema hataki kufungua mara mbili. Ukitaka mfano wa gari la barabarani, tazama VR38DETT ya Nissan GT-R: bloku ni alumini, haina slivu kabisa, na kuta zake zimepuliziwa tabaka jembamba la chuma kwa plazma. Tabaka jembamba hupitisha joto vizuri kuliko slivu nene. Mwenye injini hiyo akiweka slivu, ananunua uimara na kulipa kwa joto.

Chuma_Tupu
Basi mwambie apulizie K24.

Msasa_Laini
Sikusema hivyo, na unajua sikusema hivyo.

Dada_Dino
Kaka zangu, naomba niwarudishe mezani. Kazi yangu ni kurekebisha ramani za injini, yaani mipangilio ya kompyuta yake, na bloku nyingi zilizopasuka ambazo nimeletewa zilipasuka kwa sababu injini iligonga, yaani mafuta yalijilipua ovyo ndani ya silinda. Moto ukiwashwa mapema mno au mafuta yakipungua, shinikizo huruka kwa ghafla, na slivu ngumu ya kiwandani hupasuka. Slivu za chuma chenye unyumbufu huvumilia pigo moja au mawili ya namna hiyo, kisha zinahamishia tatizo kwenye gasketi, kwenye konrodi na kwenye vishikio vya kranki. Ethanoli itasaidia sana kuzuia kugonga, mradi pampu na nozeli zikidhi kiasi chake, kwa sababu huhitaji ujazo mkubwa kuliko petroli kwa kazi ileile. Ndugu Ngurumo24, ungekubali nguvu za farasi 450, ningekuambia funga bloku yako kama ilivyo na utumie fedha ya slivu kwenye mafuta na ramani. Na swali la Mzee bado halijajibiwa: silinda zako ni nzima?

Ngurumo24
Samahani, nililisahau. Silinda ya pili ina mchubuko wa wima unaoshika ukucha. Pistoni ya zamani iliyeyuka ukingoni.

Msasa_Laini
Kwa hiyo njia ya kwanza kati ya nne ulizotuletea haikuwapo tangu mwanzo.

Dada_Dino
Na iliyeyuka kwa sababu gani? Kama sababu haikupatikana, slivu mpya zitakutana na moto uleule.

MzeeWaLethi
Mchubuko wa kushika ukucha unaweza kuondolewa kwa kupanua hadi milimita 87.5, lakini kwa nguvu za farasi 700 sikushauri kuipunguza zaidi slivu ya kiwandani. Kati ya kavu na ya maji, ningemchagua fundi kabla ya slivu. Muulize mambo matatu: atapimaje vina vya viti vyote vinne, atajaribu bloku kwa shinikizo gani, na je, atafanya honingi (kusugua ukuta wa silinda kwa mawe ya kunolea) huku bamba la kukazia limefungwa juu kwa mkazo uleule wa hedi. Bila bamba hilo silinda itakuwa duara mezani, na boliti zikikazwa itapoteza uduara wake.

Rejeta_Imechemka
Ongeza la nne: nani anapangusa.

Ngurumo24
Nimempigia sasa hivi. Viti atavipima kwa geji ya saa. Jaribio la shinikizo hufanya, ila kwa maji baridi. Bamba la kukazia analo la B18 tu, injini nyingine ya Honda, na anasema anaweza "kulirekebisha kidogo" liingie.

MzeeWaLethi
Basi Ijumaa na ipite.